UZI: Vita ya uhuru wa Msumbiji ilivyopita vichwani mwa babu na bibi zetu wa Kusini

Njugumawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Juni 25 wenzetu wa Msumbiji wanasherehekea uhuru wao wa 1975, na humu jukwaani tunakumbushana majina yale yale: Mondlane na Samora walioongoza mapambano yale, na Mwalimu Nyerere. Majina hayo yanastahili heshima zote. Ila mimi nimezaliwa Newala. Nimekua nikisikia vita ile ikisimuliwa barazani na watu ambao hawamo kwenye kitabu chochote, na kila nikienda likizo nakuta mmoja wao amezikwa. Babu yangu mzaa mama alifariki miaka michache iliyopita. Niliyowahi kuyaandika kwenye daftari kabla hajafa ndiyo yamenisukuma nianzishe uzi huu. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie. Wenye ya kwao waongeze.

Kwanza jiografia, kwa wasiofika kule. Newala imekaa juu ya uwanda. Ukisimama pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla chini yako, bonde la Ruvuma linatanda hadi macho yachoke, na ng'ambo, asubuhi isiyo na ukungu, unaona uwanda mwingine umeinuka kama ndugu pacha. Kule ni upande wa Mueda. Juu Wamakonde, ng'ambo Wamakonde, katikati mto. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno. Watu wa pande zote mbili waliendelea kuoana, kuzikana na kuchezesha jando pamoja.

Babu alizaliwa ng'ambo. Alikuwa na nembo usoni, zile chale za Wamakonde wa upande ule ambao huku tuliwaita Wamawia. Alivuka akiwa kijana kukimbia pamba. Wareno walilazimisha kila familia ilime pamba, kwa bei wanayopanga wao, na asiyelima aliambulia kiboko au alipelekwa kwenye kazi ya shuruti, shibalo. Huku Tanganyika kulikuwa na mkonge. Kazi ya mkonge ni ngumu, kila mtu anajua, lakini mwisho wa mwezi unapewa hela mkononi. Kwa hiyo Wamakonde walijaa kwenye mashamba ya Lindi, ya Tanga, wengine wakafika mpaka Mombasa na Zanzibar.

Hapa ndipo naomba mtulie, maana historia nyingi zinaanzia Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, siku FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipoundwa. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na vyama vya wakata mkonge. Vilianza kama vyama vya kuzikana na kusaidiana, watu wa kwetu walio ugenini. Jioni, baada ya kukata mkonge, walizungumza wanayoyaona: TANU inafanya mikutano mchana kweupe, Mwingereza anaangalia, hakuna anayepigwa risasi. Wakajiuliza kwa nini kwao isiwezekane. Katika vyama hivyo ndimo ilimotoka MANU, moja kati ya vyama vitatu vilivyoungana kuwa FRELIMO, pamoja na UDENAMO na UNAMI.

Na kabla ya MANU kupata jina, wanaume wawili, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walivuka Ruvuma kutoka Tanganyika kwenda Mueda kuongea na serikali ya Kireno. Hawakuwa na silaha. Walitaka watu wao waruhusiwe kurudi nyumbani na kuishi kwa uhuru. Wazee wa kule wanatamka *uhulu*. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala pale Mueda kusikia jibu. Gavana wa Cabo Delgado, mkoa ilipo Mueda, alikuja mwenyewe. Wawili wale wakafungwa pingu, watu wakaanza kupiga kelele na kuzuia gari lisiondoke nao, na askari wakafyatua risasi. FRELIMO imeshikilia kwamba waliokufa wanazidi 600. Wako watafiti waliofika kwenye hesabu ndogo zaidi sana. Babu hakuwahi kunitajia hesabu. Alinitajia watu wanne wa ukoo wake, jina kwa jina, akaishia hapo.

Mmoja wa walioshuhudia siku ile ni Alberto Chipande, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyepiga risasi ya kwanza ya vita pale Chai, Cabo Delgado, Septemba 25, 1964. Miaka minne tu baadaye. Mtu akiniuliza vita ilianza lini, mimi huwa namjibu ilianza Mueda.

Narudi baada ya chakula.

---

Kilongozi

Mkuu nipo siti ya mbele. Weka vitu, usituache njiani.

---

Njugumawe

Naendelea. Sasa niwaambie kuhusu ngata.

Silaha za FRELIMO zilifika bandarini, zikapakiwa malori, zikaja Kusini. Lori linaishia barabara inapoishia. Kuanzia hapo, hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi kambi zilizo ndani siku nyingi za mwendo, hakuna gari, hakuna punda. Kuna kichwa cha mtu. Vita nzima ya Cabo Delgado na Niassa ilibebwa kichwani. Risasi, mabomu ya kutega, makombora, dawa, sabuni, chaki za shule za msituni. Waliobeba wengi walikuwa raia wa vijijini, wanaume kwa wanawake, na hawakulipwa hata senti.

Babu alibeba. Aliniambia kosa la mgeni ni kutengeneza ngata ya kitambaa kitupu. Kitambaa kikilowa jasho kinateleza na kubonyea, na sanduku la risasi lina kona. Kona ikigusa fuvu kwa saa nzima unaanza kuona giza. Kwa hiyo walisokota majani makavu ya mgomba, wakayakaza kwa kamba ya gome, ndipo wakazungushia kitambaa juu. Kila mmoja na ngata yake, huazimi ya mwenzako. Utosini mwake babu alikuwa na duara lisiloota nywele, ukubwa wa kisahani cha chai. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunapitisha vidole pale na yeye anatuacha tu.

Kuvuka kulikuwa usiku. Mwenye mtumbwi hakutumia kasia, alitumia pondo, kwa sababu kasia lina sauti majini. Masika mto unajaa na viboko wanasogea kingoni, hapo mnaweza kulala vichakani usiku mbili tatu mkisubiri. Kiangazi mto unapungua, unabaki mikondo na visiwa vya mchanga, unavuka kwa miguu maji yakikufika kiunoni. Lakini kiangazi kina hatari yake: nyayo. Mchanga unatunza nyayo, na ndege ya Wareno ya asubuhi ikipita chini inazisoma kama barua. Basi wa mwisho kwenye mstari alikokota tawi la mti nyuma yake. Babu alisema kazi ile walipendelea kumpa mwanamke, kwa sababu wanawake walifagia vizuri na hawakuwa na haraka.

Safari ya kurudi vichwa havikuwa vitupu. Hili watu wengi hawalijui. Maeneo yaliyokombolewa yalikuwa yanalima, na mazao yalivushwa kuja kuuzwa Tanzania: korosho, ufuta, karanga, nta, na vinyago. Fedha iliyopatikana ilinunua chumvi, majembe na nguo za kurudisha ndani. Chumvi hasa. Mtu anaweza kukaa bila shati, lakini kijiji kisicho na chumvi kinaanza kusikiliza vipeperushi vya Mreno vinavyodondoshwa na ndege.

Jambo moja linaniuma, nalisema wazi. Mwaka 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipovuka Ruvuma kuingia Negomano, mizigo yake ilibebwa na watu wa kanda hii hii, kwa kulazimishwa, na waliokufa njiani hawana hata orodha. Baba yake babu alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kubeba. Miaka arobaini na kitu baadaye mwanawe anabeba tena kwenye njia zile zile, safari hii kwa hiari yake, akijua anabebea nini. Leo pale Mtambaswala kuna Daraja la Umoja, lilifunguliwa 2010, na upande wa pili unashukia Negomano. Magari yanapita kwa dakika chache. Nimelipita mara mbili, na mara zote nilimwomba dereva apunguze mwendo nikatazama maji.

---

Binti Kitangari

Kaka Njugumawe, asante sana. Umenikumbusha bibi yangu, bado yupo hai, ana ndona, kile kipambo cha Wamakonde, kwenye mdomo wa juu na macho yamepungua nuru. Nitampigia jioni nimuulize.

Ila naomba niongezee upande wa wanawake, maana ulivyosema "walifagia vizuri" inaweza kuonekana ndiyo ilikuwa kazi yao pekee. Mwanzoni mwa 1967 wasichana 25 walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Hao ndio mbegu ya Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO. Walifundishwa bunduki kama wanaume, kisha wakarudishwa ndani kubeba na kulinda mizigo, kufundisha watoto kusoma, na kuhutubia mikutano ya vijiji. Hebu fikirini mwaka 1967, kijiji cha Kimakonde au cha Kiyao, msichana wa miaka kumi na minane anasimama mbele ya wazee na bunduki begani, anaongea, wao wanasikiliza. Wapo wanaume waliojiunga kwa sababu waliona aibu kubaki nyumbani wakati mabinti wamekwenda.

Josina Machel alitoka kundi hilo. Jina lake la kwao lilikuwa Josina Muthemba. Alitoroka Lourenço Marques (Maputo ya leo) mara ya kwanza 1964 akiwa na wenzake, wakakamatwa Rhodesia wakarudishwa kwa Wareno, akafungwa. Akatoroka tena mwaka uliofuata, akafika Dar es Salaam, akafanya kazi na Janet Mondlane kwenye Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa ili aende Nachingwea. Mei 1969 alifunga ndoa na Samora Machel, na harusi haikufanyika Dar. Ilifanyika Tunduru, kwenye kituo cha watoto ambacho yeye mwenyewe alikihangaikia, watoto waliopoteza wazazi vitani.

Alifariki Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, ana miaka 25, ameacha mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alizikwa makaburi ya Kinondoni. Msumbiji yote inaadhimisha Aprili 7 kama Siku ya Mwanamke. Mimi nimepanga Kinondoni miaka sita, nimepita kando ya makaburi yale kila siku kwenda kazini, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuja kujua nikiwa na miaka 34.

---

Shina la Mkorosho

Dada umenena. Hata Mondlane alizikwa Kinondoni kabla hawajaja kumhamishia Maputo. Aliuawa Februari 3, 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi, akiwa kwenye nyumba ya rafiki Oysterbay. Hiyo wengi wanaijua.

Mimi ni wa Nachingwea. Niongee kidogo kuhusu Farm 17, kambi kuu ya FRELIMO. Jina hilo ni la shamba la karanga. Waingereza baada ya vita kuu ya pili walikuja na mradi mkubwa wa karanga, wakafyeka misitu Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli kuja hadi kwetu. Karanga hazikuota kama walivyotarajia, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ikang'olewa kabisa. Yakabaki mashamba yaliyofyekwa yenye namba, majengo na barabara nyekundu zilizonyooka. Serikali ya Mwalimu ikawapa wapigania uhuru. Kongwa nayo hivyo hivyo, ilipokea FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo kuanzia 1964. Kwa hiyo ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya siagi ya Waingereza ndiyo ilifundisha majeshi ya ukombozi. Baba yangu aliendesha trekta kwenye mradi ule akiwa kijana, kisha akaja kuona vijana wanakimbia mchakamchaka kwenye shamba alilolilima.

Walijilimia chakula chao. Mahindi, muhogo, mboga. Mtu wa Gaza, mkoa wa kusini mwa Msumbiji, aliyekuwa hajawahi kumwona Mmakonde analala kitanda cha pili na Mmakonde, na wakipishana lugha wanatumia Kireno walichofundishwa palepale, au Kiswahili walichookota sokoni kwetu. Mpaka leo ukikutana na mkongwe wa vita wa Cabo Delgado, msalimie "shikamoo mzee" uone uso wake unavyofunguka.

---

Mkweli Daima

Nawasoma kwa makini, na nawapongeza. Lakini tusiandike historia ya malaika. Nachingwea hiyo hiyo mwaka 1975 ndipo Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya watu akasomeshwa maungamo. Kati ya wapinzani waliosimamishwa naye, Padri Gwenjere alikuwepo, Joana Simeão alikuwepo, Kavandame alikuwepo. Baadaye waliuawa Niassa bila mahakama inayoeleweka. Na hayo ya kubeba kichwani, mkuu, kuna waliobeba kwa hiari na kuna walioogopa kukataa. Unasemaje?

---

Njugumawe

Mkweli Daima, umefanya vizuri kulileta. Nilikuwa nalisogelea taratibu kwa sababu ni zito kwetu.

Waliyofanyiwa Nachingwea na Niassa mimi nayaita dhuluma. Mtu ana haki ya kushtakiwa, kujitetea na kuhukumiwa, hata kama amekukosea namna gani. Ndugu zao wamekaa miaka bila kuonyeshwa kaburi. Kupigania uhuru hakumpi mtu ruhusa ya hilo.

Sasa Kavandame. Lazaro Kavandame kwa Wamakonde ni jina la mizani mbili. Mwaka 1957, FRELIMO haijawazwa, yeye na wenzake walianzisha ushirika wa pamba juu ya uwanda wa Mueda, Linguilanilu. Ujanja wake ulikuwa huu: mwanachama anayelima pamba kwa ushirika hakamatwi kwa shibalo. Watu walimfuata kwa maelfu na Wareno wakaingiwa hofu. Kwa hiyo vita ilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa na watu. Akawa mkuu wa raia wa Cabo Delgado, na maduka ya FRELIMO yaliyopokea korosho na kutoa chumvi yakawa chini yake na wenyeviti wenzake.

Ugomvi ulianzia kwenye chumvi hiyo. Wabebaji walianza kuuliza: mimi nimebeba mfuko wa korosho siku tano, mbona chumvi niliyopewa inajaa kiganja? FRELIMO ikamtuhumu kugeuza ushirika kuwa biashara yake. Yeye akaona anaonewa na watu wa kusini mwa Msumbiji, kwamba Mmakonde anakufa na wengine wanatawala. Ukimuuliza babu nani alikuwa na haki alikuwa ananyamaza kwanza. Halafu anasema: kuhusu chumvi, sisi tulikuwa na haki.

Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, kamanda wa FRELIMO, aliuawa kwenye Ruvuma, upande wetu huu, na watu wa Kavandame. Mpigania uhuru aliyeponea mabomu ya Mreno anakwenda kuuawa na watu wa upande wake mwenyewe. Januari Kavandame akavuliwa madaraka. Februari Mondlane akauawa. Kufikia Aprili Kavandame alikuwa mikononi mwa Wareno, nao wakaitumia sauti yake kuwaita Wamakonde watoke msituni wajisalimishe. Waliomfuata walikuwa wachache. Watu waliompenda mwaka 1957 walimsikia na wakakaa kimya.

Kuhusu kubeba kwa hofu: ndiyo, ilikuwepo. Vita ikipita kijijini kwako huulizwi sana. Na waliokuwa katikati, Mreno akikukuta unalima porini wewe ni mwasi, na kuanzia hapo unahamishiwa kijiji kilichozungushiwa seng'enge ambako unatoka shambani kwa ruhusa. Ukikimbia usihamishwe, unavuka mto uwe mkimbizi. Maelfu walivuka, wakapelekwa Rutamba kule Lindi, Muhukuru Songea, Matekwe Nachingwea, wakaanza kufyeka upya.

---

Mwana Nanyamba

Na sisi wa bonde la upande huu je? Watu husahau kwamba vita ile ilitugusa Watanzania nyumbani kwetu. Ndege zilivuka mto. Mabomu yalitegwa kwenye njia za kwenda mashamba ya mpunga. Shangazi yangu alipoteza mguu chini ya goti akienda kuamia ndege shambani. Hakuwa mpigania uhuru wala nini, alikuwa msichana na manati.

Wazee pia wanasema vijiji vya ujamaa huku kwetu vilitangulia kwa sababu ya mpaka. Wenzetu mikoa mingine walihamishwa na operesheni ya miaka ya 1973 hadi 1975, sisi Mtwara tulianza mapema zaidi. Kaya zilizotawanyika bondeni zilikusanywa juu ili mgambo waweze kuzilinda. Baba alijifunza kulenga shabaha mwaka 1971, baada ya Mwongozo wa TANU, kabla hajajifunza kuandika jina lake. Anasema walilinda zamu mbili, ya kuanzia saa kumi na mbili jioni na ya kuanzia saa sita usiku, na anayesinzia alimwagiwa maji. Maji ya Newala mnayajua yalivyokuwa ya shida, kwa hiyo kummwagia mtu maji ilikuwa adhabu kwa kijiji kizima.

---

Msambweni Halisi

Nawasalimu kutoka Kwale, Kenya. Nimeusoma uzi huu wote nikasimamisha kazi.

Mimi ni Mmakonde wa Kenya. Babu zetu waliletwa kwa mkonge na miwa, enzi za mkoloni, wengine wakaja baadaye wakikimbia vita mnayoisimulia. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, wa kwetu walishangilia hapa kijijini, lakini hawakuwa na pa kurudi. Na Kenya ilikuwa haitutambui. Hatukuwa na kitambulisho. Mtoto akifaulu shule anakwama, ukinunua shamba unaandikisha kwa jina la jirani Mdigo mwenye roho safi. Oktoba 2016 wetu walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, wazee wakiwemo. Februari 2017 tukatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Mama alipopata kitambulisho alikuwa amepita miaka sitini. Alikishika kwa kitambaa safi kisichafuke. Alituuliza kama picha ile inaonyesha nembo zake vizuri.

Ulipotaja vyama vya wakata mkonge mpaka Mombasa, nilijua ni babu zangu hao. Asante.

---

Njugumawe

Msambweni Halisi, karibu sana nyumbani. Umeniliza.

Nimalizie na kisa kimoja cha mwisho, maana nimeulizwa pembeni kama sina kinachofurahisha. Ninacho.

Aprili 25, 1974 jeshi la Ureno liliipindua serikali yake lenyewe kule Lisbon. Huku porini vita haikukoma siku hiyo. Kulikuwa na kambi moja ya Wareno karibu kabisa na Ruvuma, inaitwa Omar, Wamakonde wanapaita Namatil. Kambi ile ilikuwa mwiba, imekaa kwenye njia za kuvukia. Agosti 1, 1974, alfajiri, wapiganaji wa FRELIMO waliizingira wakiwa na silaha nzito. Badala ya kufyatua wakatoa kipaza sauti. Wakawaita askari kwa Kireno: vita imekwisha kwenu Lisbon, hakuna sababu ya kufa leo, tokeni tuzungumze. Na wale vijana, waliochoka, wanaohesabu siku za kurudi kwa mama zao, wakatoka. Walidhani ni mazungumzo. Wakajikuta mateka, zaidi ya mia moja, na wakavushwa Ruvuma kuingia Tanzania kwa miguu. Waliachiwa baada ya Makubaliano ya Lusaka ya Septemba 7.

Babu hakuwepo Omar. Lakini aliwaona wakipita. Alisema kijiji kizima kilitoka kando ya njia na hakuna aliyerusha jiwe wala kutukana. Walikuwa wamebeba mabegi yao mgongoni, wekundu kwa jua, miguu imepasuka. Mwanamke mmoja mzee alisogea, akamtazama kijana mmoja wa Kireno kichwani, kisha akawageukia wenzake akasema kwa Kimakonde: huyu hajui kubeba, hana ngata. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao kumwona Mreno akibeba mzigo wake mwenyewe.

Mei 24 mwaka uliofuata Samora alivuka mto ule ule akitokea Tanzania, akaanza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, akifika mkoa baada ya mkoa, mpaka usiku wa Juni 25. Babu alivuka pia wiki ile, kwenda kutafuta makaburi ya wale wanne wa Mueda. Hakurudi kuishi kule. Alikuwa ameshaoa Newala na mikorosho yake ilikuwa imeanza kuzaa.

---

Binti Kitangari

Nimerudi. Nimeongea na bibi kwa simu karibu saa nzima, mjomba alishika simu sikioni kwake.

Amesema alikuwa anavushwa pamoja na wenzake sita, wote wanawake, na walibeba makombora ya mota, kila mmoja mawili, yamefungwa kwenye khanga kama mtoto mgongoni ili kichwani abebe muhogo mkavu wa kula njiani. Wakikutana na mtu wasiyemjua walikuwa wanabembeleza. Amenibembelezea kwenye simu wimbo ule ule. Nilikuwa naujua. Alikuwa anatuimbia sisi wajukuu tukilia.

---

Njugumawe

Dada, nimekaa kimya kwanza baada ya kusoma hili.

Naomba tuwasiliane. Nina basi la Newala Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi niko Kitangari kama bibi ataridhia. Nitakuja na simu ya kurekodia na sukari. Mwulize kama anapenda nikae upande gani, kwa kuwa umesema macho yamepungua nuru. Na tafadhali usimwambie aanze kusimulia kabla sijafika. Nataka nianze na majina ya hao sita.